Kovu la Mkono wa Kushoto

Naftali Lukumai alikuwa na makovu mawili mkono wa kushoto, karibu na bega. La kwanza alijitia mwenyewe alipokuwa mchunga ndama wa miaka kumi, kwenye malisho ya chini ya Olmotonyi. Alijichoma kwa ncha ya kijiti chenye moto, na wenzake wanne wakimkodolea macho waone kama atakunja uso. Hakukunja. Mvulana wa Kiarusha aliyechunga mifugo bila kuwa na kovu la namna hiyo alikuwa adimu. La pili alitiwa na hospitali mwaka 1931, siku aliyoanza kazi. Ukiyatazama kutoka hatua tatu, yalikuwa mapacha. Ukiyasogelea na ukawa unajua unachokitafuta, uliona tofauti. Kovu la moto ni laini na linang'aa. Kovu la chanjo ya ndui lina vishimo vidogo vidogo, kama subana, kile kikofia cha kidole cha fundi cherehani.

Katika hospitali aliyofanyia kazi, hospitali ndogo ya misheni magharibi ya Mlima Meru, hakuna aliyeijua tofauti hiyo kuliko yeye. Ndiyo sababu mwaka 1945 alipewa kazi ya kukagua mikono ya wanafunzi.

Wanafunzi wenyewe walikuwa kumi na mmoja, wakisomea udresa: kusafisha vidonda, kufunga bendeji, kupima homa, kuchoma sindano na kuchanja. Naftali, dresa mkuu, aliwafundisha kila asubuhi baada ya sala. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na tano, mrefu, mwenye sauti ya chini, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuwahi kuharibu dawa. Chanjo ya ndui ilikuja katika mirija myembamba ya kioo, nayo haikuvumilia joto. "Dawa hii ni kama maziwa ya asubuhi," alizoea kuwaambia. "Jua likishayapata, hata ukiyafunika yamekwisha. Macho yako hayatakuambia. Mkono wa mtu ndio utakaokuambia, na hapo umechelewa."

Mwezi wa tatu mwaka huo, ndui ilizuka mashambani kando ya barabara ya Moshi. Daktari, Mzungu wa maneno machache, aliingia darasani na karatasi akaisoma akiwa wima. Kuanzia Jumatatu, mwanafunzi asiye na kovu la chanjo asiingie wodini. Asiyekubali kuchanjwa arudi kwao. Akaikunja karatasi akatoka.

Darasa likalipuka.

"Mwalimu," alisema Bariki, kijana mcheshi wa Kimeru ambaye hakujua kunyamaza, "mimi nilikuja kujifunza kuchanja, sikuja kuchanjwa. Kwani mchinjaji naye huchinjwa kwanza ndipo apewe kisu?"

Wakacheka. Naftali naye alitabasamu kidogo, kisha akasema, "Mgonjwa wa kwanza utakayemshika mkono atakuuliza, wewe lako liko wapi? Utamwonyesha nini, meno?"

"Nitamwonyesha wewe."

"Bariki, kaa chini."

Simaloi, mmoja wa wasichana watatu wa darasa lile, hakucheka. "Ile dawa ni usaha wa ndama, Mwalimu. Ulitufundisha mwenyewe. Nyumbani ndama akitoka usaha tunamtenga na wenzake. Hapa tunapakwa."

"Ni usaha unaokukinga."

"Sawa. Basi watuombe. Mtu anayekutakia mema hukuomba. Hawa hawatuombi, wanatuamuru, halafu wanatuonyesha mlango."

Hata yeye amri ile haikumpendeza. Alijua kwamba chanjo huokoa, alikuwa ameiona ikiokoa mara nyingi kiasi cha kutohitaji amri. Lakini alijua pia kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa kimekaa benchi la nyuma, kikitazama sakafu.

Huyo alikuwa Efraimu, umri wake miaka ishirini, mtoto wa Solomoni. Solomoni na Naftali walikuwa rika moja, walitahiriwa majira yale yale. Kwa Waarusha, mtoto wa mwanarika mwenzako ni mtoto wako. Akikutana nawe huinamisha kichwa, nawe humwekea mkono utosini. Efraimu alikuwa akifanya hivyo hata ndani ya uwanja wa hospitali, mbele ya wenzake waliomtania.

Solomoni alikuwa amefariki. Kabla yake alikuwa ametangulia mwanawe wa kwanza. Huyo alichanjwa kwenye baraza na mchanjaji mpita njia, kwa kisu kilichopita mikono mia bila kuoshwa. Mkono ukavimba hadi shingoni, na siku ya kumi na tatu akazikwa. Naftali alijua kwamba kilichomuua ni uchafu wa kisu. Nanyori, mjane wa Solomoni, alijua kwamba kilichomuua ni chanjo. Alipomleta Efraimu hospitalini ajifunze kazi, alimshika Naftali mikono yote miwili akamwambia, "Mfundishe kila kitu. Lakini chuma chenu kisiguse ngozi yake. Huyu ndiye aliyebaki." Naftali akaahidi. Wakati huo hapakuwa na ndui wala amri, na ahadi ilionekana nyepesi.

Jumatatu wanafunzi walipanga foleni nje ya chumba cha dawa. Daftari lilishikwa na Bwana Prakash, kampaunda, yaani mtunza na mchanganya dawa, Mhindu aliyezaliwa Arusha mjini nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, mtu aliyezipanga chupa zake kama askari wa gwaride.

"Kwangu mimi mikono yote ni mikono," alimwambia Naftali. "Wewe ndiye mtu wa huku. Wewe sema, mimi ninaandika."

Wawili walikuwa na makovu halisi tangu utotoni. Wanane wakachanjwa hapo hapo, Bariki akipiga kelele kabla hajaguswa, Simaloi akitazama mlimani kama vile mkono ule ulikuwa wa mtu mwingine. Akabaki Efraimu. Akavua shati. Karibu na bega la kushoto palikuwa na kovu la mviringo.

Naftali akapitisha kidole juu yake. Lilikuwa laini.

Efraimu hakumwomba kitu. Alimtazama tu, kisha, kwa mazoea, akainamisha kichwa kidogo. Prakash alikuwa amechovya kalamu wino, anangoja.

"Amechanjwa," alisema Naftali.

Prakash akaandika.

Naftali alijiambia kwamba atakwenda kuzungumza na Nanyori, polepole, na kumleta kijana baadaye kwa siri. Wiki mbili zilipita. Mara mbili alifika hadi kwenye migomba ya yule mama, akanywa maziwa, akaongea habari za mvua, akarudi.

Wiki ya tatu alitumwa Terrat, upande wa tambarare kavu, kuchanja watu. Alikwenda kwa baiskeli na mirija ishirini ndani ya kopo lililozungushiwa kitambaa chenye maji. Siku ya pili watu walisikia uvumi wakatawanyika. Mirija kumi na minane ilikuwa imeshatumika, na miwili ya mwisho ilikuwa imeshatolewa koponi. Naftali akaitia mfuko wa shati, akazunguka boma hadi boma jua la mchana kutwa akiwatafuta, asipate mtu. Jumatano jioni alirudi hospitalini na vumbi hadi kwenye nyusi.

Bariki alimpokea baiskeli. "Mwalimu, tuna mgeni. Jana lori limemleta kibarua kutoka Usa River, ndui tupu, hata ulimi umeota vipele. Wamemweka bandani."

Banda la ndui lilikuwa nyuma ya mto mdogo, limezungushiwa ua wa miiba. Aliyeingia kumhudumia mgonjwa hakutoka mpaka ugonjwa uishe. Chakula kiliachwa juu ya jiwe karibu na lango.

"Nani yuko naye?"

"Daktari alifungua daftari akachagua. Kamtoa Efraimu."

"Efraimu alisema nini?"

"Aseme nini? Alichukua blanketi lake akaenda."

Naftali alielewa sawasawa kwa nini kijana hakusema kitu. Angesema hajachanjwa, angeulizwa daftari limeandikwaje, na jina la pili kutajwa lingekuwa la Naftali.

Kulikuwa na njia moja. Mtu aliyekwisha kukaribia ndui, akichanjwa ndani ya siku tatu au nne, huenda akaokoka. Daktari aliwafundisha hivyo, naye Naftali akawafundisha wanafunzi. Siku moja ilikuwa imeshapita.

Alikwenda chumba cha dawa. Mirija mizima ilikaa ndani ya friji la mafuta ya taa, na ufunguo ulikaa kiunoni kwa Prakash. Kila mrija uliotumika hapo hospitalini uliandikiwa jina la mtu.

"Karibu, mzee wa Terrat," alisema Prakash. "Wamekukimbia, eh? Sura yako imekuja bila wewe."

"Bwana Prakash, nahitaji mrija mmoja."

Prakash akavuta daftari. "Wa nani?"

Ukurasa ulikuwa umefunguka kwenye orodha ile ile. Naftali aliliona jina la Efraimu mwishoni, na mbele yake neno lililoandikwa kwa mwandiko mzuri wa Prakash, ulioinama upande mmoja. Kutaja jina lile kulikuwa kazi ya pumzi moja. Miaka kumi na minne ya kazi ingekwisha hapo, na ile sifa ya mtu asiyeharibu dawa.

"Nani, bwana? Wino unakauka."

"Hapana," alisema Naftali. "Nilitaka kujua imebaki mingapi."

"Kumi na minne. Pumzika, wewe. Jua limekuingia kichwani."

Alitoka. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukaikuta ile mirija miwili. Ilikuwa na uvuguvugu kama mayai yaliyotoka kuatamiwa.

Asubuhi ya Alhamisi, umande ukiwa bado, alikwenda hadi kwenye ua wa miiba akaita. Efraimu alitoka bandani. Aliinamisha kichwa, na kwa muda mfupi wote wawili walisahau kwamba kulikuwa na miiba katikati. Naftali aliinua mkono, kisha akaushusha.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaomba maji kila dakika, Baba. Nadhani atapona. Anatukana sana."

"Pitisha mkono hapa."

Kijana akakiona kisu kidogo cha kuchanjia mkononi mwa Naftali. "Mama alisema..."

"Mama yako nitaongea naye mimi. Pitisha mkono."

Efraimu akapenyeza mkono wa kushoto kati ya miiba, ukakwaruzwa mara mbili kabla haujafika. Naftali akaupangusa, akavunja mrija.

"Baba," alisema Efraimu, kwa adabu, kama mwanafunzi anayeuliza swali la darasani, "ilikuwa kwenye friji?"

"Ilikuwa."

Akamchanja. Alifanya kazi ile kwa uangalifu mkubwa kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Chanjo ikishika, siku ya nne huota kipele, siku ya saba huwa lengelenge lenye usaha. Siku ya nne Naftali aliacha uji juu ya jiwe akauliza, "Kimeota?"

"Bado. Pamekauka."

"Subiri."

Siku ya saba Efraimu hakungoja kuulizwa. Aliinua mkono juu ya ua ili Naftali aone mwenyewe. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba tu, umepona vizuri, safi kabisa. Mwalimu yeyote wa udresa angeusifu.

"Ilikuwa kwenye friji?" aliuliza tena Efraimu, taratibu.

Naftali alitazama mto.

"Haidhuru, Baba," alisema kijana. "Mgonjwa wangu leo amekula."

Kibarua wa Usa River alipona. Siku ya kumi na mbili tangu aingie bandani, Efraimu alishikwa na homa na maumivu ya mgongo, na ilipotimia kumi na tano, uso wake ulikuwa umejaa. Ndipo Naftali alipokwenda kwa Daktari akaeleza yote, tangu kovu hadi mirija ya mfukoni, akiwa amesimama kama askari. Daktari alisikiliza bila kumkatiza.

"Siku ya pili ungenieleza haya," alisema mwishowe, "ningeweza kufanya kitu."

"Najua, Bwana."

"Nitakufukuza kazi ugonjwa ukiisha. Sasa siwezi. Sina mtu mwingine anayeyatofautisha makovu."

Naftali aliomba aingie bandani, akaruhusiwa. Alimnywesha, alimgeuza, alimfukuzia nzi. Aliweza sasa kumwekea mkono utosini, lakini hapakuwa na mahali pa kuuweka pasipomwuma. Efraimu alikufa siku ya ishirini na tatu, saa nne asubuhi. Watu wawili waliochanjwa wakamzika nyuma ya banda, bila ndugu kuwapo, kama sheria ya ndui ilivyotaka.

Naftali alipotolewa bandani, nguo zake zimechomwa na mwili umesuguliwa kwa dawa, alipanda hadi kwa Nanyori. Mama alikuwa ameshapata habari. Alikuwa ameketi mlangoni, kichwa kimenyolewa. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Nakuuliza neno moja," alisema. "Ulimchanja?"

Njiani Naftali alikuwa ameapa kwamba hatasema uongo tena.

"Nilimchanja, Nanyori. Lakini dawa ilikuwa imekufa. Ilipigwa na jua. Ilikuwa kama maji tu, haikuwa na..."

"Ulimchanja."

"Ingekuwa nzima, angekuwa hai. Sikiliza, nakuomba..."

"Wawili," alisema Nanyori. Aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango. Wanawake waliokuwa uani wakamtazama Naftali mpaka alipoondoka.

Hospitalini mambo hayakuwa bora. Wanafunzi walikuwa wameliona daftari. Efraimu amechanjwa, Efraimu amekufa kwa ndui: hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Wawili walikuwa wamefunga virago. Naftali aliomba asubuhi moja ya darasa, akapewa. Akavua shati, akawaonyesha makovu yake mawili, akawapitisha mmoja mmoja wayaguse. Akawaambia: hili la moto ni laini, hili la chanjo lina vishimo. Kovu la Efraimu lilikuwa la moto. Nilijua, nikasema amechanjwa, kampaunda akaandika. Kisha nikampa dawa iliyokufa nikamwambia ni nzima. Chanjo haikumuua. Mimi ndiye niliyemnyima.

Bariki, ambaye kwa kawaida angekuwa wa kwanza kusema, alikuwa anajikuna mkono.

Simaloi ndiye aliyesimama. "Kwa hiyo daftari lilisema uongo. Nawe ulisema uongo. Na dawa yenyewe ilikuwa uongo. Leo unatuambia tushike lipi?"

"Nililosema leo."

"Kwa sababu gani, Mwalimu? Kwa sababu leo una huzuni?" Sauti yake haikuwa na kejeli. Alitaka kweli kujua. "Mimi mkono wangu uliota, ukauma, ukapona. Labda umenikinga. Lakini siwezi kumwambia mtu hivyo na akaniamini, maana nitaulizwa nani alikuambia."

Kisha akaketi.

Majuma mawili baadaye ndui ilifika vijiji vya mlimani. Amri sasa ikawa ya wote: kila mtu akaguliwe mkono, asiye na kovu achanjwe, na mwenye nyumba atakayeficha watu wake apelekwe barazani. Naftali, Prakash na Simaloi walikwenda Olmotonyi na meza, daftari na kopo lililofungwa kitambaa chenye maji. Naftali alikuwa amelitazama kopo lile mara tano njiani.

Walitarajia uwanja mtupu. Badala yake walikuta foleni ndefu, wanawake na watoto, watulivu, hakuna aliyenung'unika. Prakash alifurahi. "Unaona? Watu wameogopa, wameelewa."

Wa kwanza alikuwa mama kijana mwenye mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Alimfungua, akaugeuza mkono wa kushoto kwenye mwanga ili wauone vizuri. "Huyu amekwisha kuchanjwa, mzee."

Karibu na bega palikuwa na duara lililopakwa samli. Naftali alichukua pamba akaifuta. Mtoto akalia. Chini ya samli nyama ilikuwa mbichi, nyekundu, haijapita siku mbili tangu ichomwe, na katikati yake mtu mwenye subira alikuwa ametoboa vishimo vidogo vidogo kwa mwiba.

Aliinua macho akatazama foleni. Kila mtoto alikuwa na samli mkono wa kushoto.

"Wamejuaje habari ya vishimo?" aliuliza, ingawa hakuwa akimwuliza mtu.

Simaloi alikuwa ameshika bakuli la pamba. "Ni lile somo lako, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Wale wawili waliofunga virago waliondoka baada yake, na kwao ni huku."

Mama alikuwa anangoja, mkono wa mtoto bado umenyooshwa. Hakuwa na hofu usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya kila alichoweza kumwokoa mwanawe. Mahali pa kuchanjia palikuwa kidonda, na mkono wa pili, Naftali alipougeuza, nao ulikuwa umechomwa, ili pasibaki mahali pa kuchanjia.

Prakash alichovya kalamu.

"Naandika nini, bwana?" aliuliza.

Mtoto aliendelea kulia. Naftali alikuwa bado ameshika ile pamba yenye samli.

"Bwana Naftali. Naandika nini?"